Mtoto Asomaye Wala Hafahamu

Sisi watu wa pwani tuna neno moja, nalo ni kusoma, ambalo twalitumia kwa mambo mengi yasiyokuwa sawa. Mtu akisoma Qurani twasema asoma. Akisoma maulidi, asoma. Akimsomea mgonjwa, asoma. Mtoto aendaye skuli twasema yuko skulini asoma, hata ikiwa saa ile acheza mpira. Na mwenye kufungua kitabu au gazeti ili apate kujua lililomo ndani, huyo naye twasema asoma. Kwa kuwa neno ni moja, tumedhani kuwa na jambo lenyewe ni moja. Na katika dhana hiyo watoto wetu wapata hasara kubwa, wala wao hawajui, wala sisi wazazi hatujui, mpaka siku ya hasara kudhihiri.

Somo letu la leo lahusu kusoma kwa maana ile ya mwisho: kuyatazama maandishi na kupata maana yake. Twataka kujua ni kwa sababu gani mtoto wa Mombasa, au wa Lamu, au wa Malindi, aliyezaliwa katika Kiswahili na kunyonya Kiswahili, aweza kumaliza darasa la sita naye asoma ukurasa mzima kwa sauti nzuri isiyo na kigugumizi, kisha ukimwuliza amesoma nini, akakutazama usoni asiwe na la kusema.

Yafaa tuanze na jambo ambalo wengi wetu tumelisahau. Wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu karne nyingi; Utendi wa Tambuka ulitungwa Pate mwaka 1728, na barua, wasia na hati za mashamba ziliandikwa kwa hati hiyo hiyo. Lakini herufi zile, zilipotumiwa kama zilivyo, hazikutosha sauti za Kiswahili. Kiarabu kina irabu tatu, fataha, kasra na dhumma. Kiswahili kina tano. Basi kasra moja ilisimama mahali pa *i* na mahali pa *e*, na dhumma moja mahali pa *u* na mahali pa *o*. Kiarabu hakina *p* wala *v*. Basi *be* iliandikwa kwa *b* na kwa *p*, na mara nyingi kwa *mb* pia, na *fe* kwa *f* na kwa *v*.

Sasa fikiri vipi alisoma mzee wetu. Mbele yake pana *be* na *te* zenye fataha. Je, ni bata? Ni pata? Ni mbata? Maandishi hayamwambii. Hana budi kutazama lililotangulia na lifuatalo. Ikiwa habari ni ya mtu aliyepanda minazi, ni mbata. Ikiwa ni ya ndege aogeleaye, ni bata. Akiona neno laweza kuwa *afua* au *avua*, atauliza moyoni mwake: huyu asemwaye hapa ni dobi au ni mvuvi? Mzee yule hakuweza kulitoa neno mdomoni kabla ya kulifahamu. Maana ilitangulia, sauti ikafuata.

Hatusemi haya ili kuzisifu kasoro za hati ile. Kasoro ni kasoro, na wanavyuoni wetu wenyewe waliziona. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, na baada yake Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), walijitahidi kuzitengeneza herufi hizo kwa alama za kuzidisha zipate kulingana na ulimi wa Mswahili. Na Sheikh al-Amin alipotoa *Sahifa* mwaka 1930 na *al-Islah* mwaka 1932 alitaka mtu wa kawaida asome bila ya kukisia. Twasema tu kwamba mzee yule alilazimishwa na maandishi yenyewe kutumia akili.

Herufi za Kizungu tunazotumia leo zimetuondolea taabu hiyo. Katika Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi hizi, kila irabu ina sauti moja isiyobadilika, na silabi zafuatana kama shanga katika uzi: ba, be, bi, bo, bu. Mtoto mwenye akili ya wastani, akipata mwalimu mvumilivu, kwa muda wa miezi michache aweza kutamka neno lolote la Kiswahili utakalomwandikia. Mtoto wa Kiingereza hapati rahisi hiyo, kwani lugha yake yaandikwa namna moja na kutamkwa namna nyingine. Hii ni neema kubwa. Lakini ina upande wake wa pili: maandishi haya yamruhusu mdomo kwenda peke yake na kuiacha akili nyuma.

Msomaji asiyeamini na ajaribu haya. Tazama maneno haya niliyoyatunga mimi hapa nilipoketi, ambayo hayana maana yoyote duniani: *Mkurufu alimbabata mtindiri penye kivongo.* Msomee mtoto wako, kisha umwulize: Nani alimbabata mtindiri? Atakujibu upesi: Mkurufu. Alimbabata wapi? Penye kivongo. Mkurufu alimfanya nini mtindiri? Alimbabata. Amejibu maswali matatu, yote sahihi, na angepewa alama zote. Naye hajui mkurufu ni nini, wala sisi hatujui. Kiswahili ni lugha yenye nidhamu katika viambishi vyake, hata mtoto aweza kuliona jibu kwa umbo la sentensi tu, kama mtu aokotaye kiatu kwa kukipima na unyayo bila ya kujua ni cha nani.

Ndugu zangu, huo si mchezo. Kwa miaka mingi ufahamu umepimwa katika skuli zetu kwa namna inayokaribiana na hiyo. Mtihani wa KCPE, uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, ulikuwa na vifungu vya ufahamu, na kila swali lilikuwa na majibu manne ambayo mtahiniwa huchagua moja. Waliotunga maswali yale walikuwa watu wa ilimu, na maswali mengine yalitaka fikra kweli. Lakini walimu wengi, kwa kutaka alama, waliwafundisha watoto njia ya mkato: soma swali kwanza, tafuta neno la swali ndani ya kifungu, tazama neno lililo karibu nalo, chagua jibu lifananalo. Mtoto aliyefundishwa hivyo miaka minane amefundishwa kuwinda maneno. Kusoma hakufundishwa.

Na katika saa ambazo somo la Kiswahili lingetumika kwa kusoma, tumeweka nini? Tumeweka orodha. Mtoto ahifadhi majina ya makundi, kikembe cha mnyama huyu na yule, tanakali za sauti, methali hamsini ambazo hakuna aliyemweleza zasemwa lini na nani. Ahifadhi jedwali la ngeli, naye tangu ana miaka minne hasemi "kitabu wangu"! Kwa mtoto wa Nyeri au Bungoma jedwali lile lina faida kubwa, kwa kuwa Kiswahili kwake ni lugha ya kujifunza. Kwa mtoto wetu ni kama kumfundisha samaki jina la kila pezi. Nimemwona kijana wa darasa la saba ajuaye kukutajia nyuki wengi pamoja huitwaje, naye katika umri wake wote hajapata kumaliza kitabu kimoja cha hadithi kutoka jalada hadi jalada.

Na sisi watu wa vyuo tuna sehemu yetu katika jambo hili, wala si haki kuinyamazia na kuwalaumu watu wa skuli peke yao.

Mtoto wetu huanza chuo kabla ya skuli, au huenda kote kuwili kwa siku moja. Chuoni hufundishwa alifu, be, te, kisha irabu, kisha kuunganisha, kisha juzuu ya Amma, na akijaaliwa, huhitimu. Katika muda wote huo husoma lugha asiyoijua. Kusoma huku ni ibada, na ibada ina thawabu zake hata kwa asiyefahamu maana. Hilo halina mjadala baina yetu, wala hatutaki mtu atufahamu vibaya. Lakini mtoto hatenganishi. Akilini mwake amepokea somo moja kubwa ambalo hakuna mwalimu aliyekusudia kumfundisha: ya kwamba kusoma ni kuyatoa maandishi kwa sauti, sawasawa, bila ya kukosea, na ukifika mwisho umemaliza. Kisha huichukua desturi hiyo chini ya kwapa lake na kwenda nayo skulini. Huko akapewa kitabu cha Kiswahili, akakisoma vile vile.

Jambo hili si geni kwa wanavyuoni. Ibn Khaldun, katika *Muqaddima* yake aliyoikamilisha mwaka 1377, ana mlango mzima juu ya namna watu wa miji mbalimbali walivyowafundisha watoto. Asema kuwa watu wa Maghrib walimfundisha mtoto Qurani peke yake wasiichanganye na ilimu nyingine yoyote. Watu wa Andalus waliifanya Qurani kuwa asili, lakini pamoja nayo walifundisha mashairi, kanuni za lugha, uandishi wa barua na hati nzuri. Na natija yake aieleza waziwazi: watu wa Maghrib walikuwa dhaifu katika ufasaha, na watu wa Andalus wakawatangulia katika lugha. Kisha ataja rai ya Kadhi Abu Bakr Ibn al-Arabi wa Ishbiliya, aliyefariki mwaka 1148 (naye si yule Ibn Arabi wa masufi, watu huwachanganya), ambaye alipendekeza mtoto aanze na lugha na mashairi, kisha hesabu, ndipo aingie katika Qurani naye ana akili ya kuifahamu.

Ibn Khaldun akasema kuwa hiyo ni rai njema, lakini desturi haiikubali. Kwani watu waogopa mtoto asije akakua, akakataa kusoma, ikampita Qurani kabisa. Nami sisemi tuigeuze desturi yetu. Hofu ile ni ya haki, na leo ina nguvu zaidi kuliko wakati wake. Ninalosema ni kwamba wakubwa hawa waliiona tofauti baina ya kutamka na kufahamu, wakaijadili bila ya woga, miaka mia sita na zaidi iliyopita. Na mwalimu wa chuo wa leo ana wepesi ambao wa zamani hakuwa nao: tafsiri ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy, *Qurani Takatifu*, ipo mikononi mwa watu tangu mwaka 1969. Mtoto akihifadhi sura fupi, na aambiwe kwa Kiswahili, kwa dakika tano tu, sura hiyo yasema nini. Hatapungukiwa na kitu, na atajua kuwa nyuma ya sauti kuna maneno.

Huenda mtu akasema: Mambo haya ni ya walimu, nasi tuna shughuli zetu, mtoto akipata alama za kumvusha yatosha. Jawabu lake ni kisa nikijuacho cha jirani. Bibi mmoja mwenye maradhi ya shinikizo la damu alibadilishiwa dawa, akapewa na karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili. Nyumbani akamwita mjukuu wake wa miaka kumi na mmoja, msichana wa kusifiwa darasani, amsomee. Msichana akasoma yote, neno kwa neno, kwa sauti safi: ya kuwa vidonge vya zamani viachwe kabisa kabla ya kuanza hivi vipya. Bibi, ambaye masikio yake yamepungua nguvu, akauliza, "Wasemaje, mwanangu?" Mjukuu akajibu, "Wasema uvimeze, bibi." Bibi akavimeza vyote, vya zamani na vipya, siku mbili; siku ya tatu akaanguka jikoni. Mungu alimpa afueni. Yule msichana hakusema uongo wala hakukosa herufi hata moja. Aliulizwa swali ambalo hakuna mtu aliyepata kumwuliza: wasemaje?

Na wako wasemao: Kiswahili ni chetu, mtoto wetu amezaliwa nacho, ana haja gani ya kufundishwa? Afadhali saa hizo zitiwe katika Kiingereza. Maneno haya nimeyasikia barazani mara nyingi, khasa kwa wazee wenye uwezo, wawapelekao watoto wao katika skuli za kulipia ambako Kiingereza chaanza tangu mtoto hajaacha kuita mama. Hawa wana makosa mara mbili.

Kosa la kwanza, mtoto hufahamu kwanza kwa lugha aijuayo. Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza mtoto afundishwe kwa lugha itumiwayo mahali pale katika miaka mitatu ya mwanzo, na agizo hilo limekariri tangu hapo. Lugha itumiwayo katika miji yetu hapa ni Kiswahili. Mtoto aliyezoea kutafuta maana katika kitabu cha Kiswahili ataichukua tabia hiyo aende nayo katika Kiingereza. Lakini aanzaye kusoma kwa lugha asiyoijua, huyo amerudi pale pale pa kutamka bila ya kufahamu, safari hii bila hata thawabu.

Kosa la pili, Kiswahili cha jikoni si Kiswahili cha kitabu. Mkutano uliofanyika hapa hapa Mombasa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha skuli na vitabu, Kimvita kikaachwa. Na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikaendelea kwa msingi huo. Basi mtoto wetu asema *ndoo*, kitabu chasema *njoo*. Asema *ndia*, *jito*, *mtele*, *mtanga*. Kitabu chasema *njia*, *jicho*, *mchele*, *mchanga*. Akiandika "babangu yuwaja" mwalimu ampiga alama nyekundu. Mtoto huona kuwa lugha ya mamake ni kosa, na kuwa lugha ya kitabu ni kitu kigeni kisichomhusu; hapo huacha kutafuta maana kabisa, akaokoa alama tu. Mwalimu mwenye hekima hasemi, "Umekosea." Husema, "Nyumbani twasema hivi, kitabuni twaandika hivi," na mtoto akajua zote mbili, kama ajuavyo kuvaa kanzu ijumaa na sare ya skuli jumatatu.

Na ulimi wa Kimvita una msaada wake katika kusoma, ambao mtoto wa kwingine hana. Sisi twatenganisha kwa pumzi *paa* la nyumba na *paa* wa porini, na *kaa* la moto na *kaa* wa pwani. Maandishi ya skuli hayatenganishi. Mpe mtoto sentensi hii aisome kwa sauti: "Paa aliruka, akaliona kaa likiwaka." Akilitoa kila neno kwa pumzi yake, amefahamu. Akiyachanganya, alikuwa akitamka tu. Hakuna mtihani mwepesi kuliko huo, wala hauna gharama.

Katika miaka ya karibuni serikali imejaribu kulitengeneza jambo hili. Mpango wa Tusome, ulioingia katika skuli za msingi za serikali mwaka 2015, ulileta vitabu vya kusomea vya Kiswahili na Kiingereza kwa kila mtoto wa madarasa ya chini, na mtaala mpya ulioanza nchini kote mwaka 2019 wataka mtoto asikilize, aseme, asome na aandike. Haya ni mema, na vitabu vile vilifika hata vijijini ambako havikuwako. Tusome ilipima mwendo wa mtoto kwa saa: aliyesoma maneno 45 ya Kiswahili kwa dakika alihesabiwa kuwa asoma vyema, na kwa Kiingereza maneno 65. Mtu asidhani kuwa Kiswahili kilidharauliwa; neno letu moja hubeba mzigo mkubwa. "Hatutawaambia" kwetu ni neno moja, na Mwingereza hulisema kwa maneno matano.

Mwendo wahitajika, kwani mtoto asomaye kwa kukokota husahau mwanzo wa sentensi kabla ya kufika mwisho. Wapimaji wale nao waliuliza maswali ya ufahamu baada ya kusoma. Lakini mzazi na mwalimu wakishika saa tu wakaacha maswali, watakuwa wamerudi kule kule kwa mdomo.

Basi mzazi afanye nini? Robo saa baada ya Isha yatosha, siku nne katika juma. Mtoto na asome kifungu kifupi, kisha *afunge kitabu*, asimulie alichosoma kwa maneno yake mwenyewe, kwa Kimvita, au Kiamu, au vyovyote asemavyo nyumbani. Usimkatize kwa kumsahihisha lugha. Saa ile wasikiliza maana. Asiyefahamu hawezi kusimulia. Atakurudishia vipande vya maneno ya kitabu, nawe utavitambua mara moja.

Kisha mwulize swali ambalo jibu lake halikuandikwa. Kwa mfano, kitabu chasema: "Juma alitoka nje, akatazama juu, akarudi ndani kuchukua mwavuli." Usiulize Juma alichukua nini. Uliza kwa nini alirudi. Neno mvua halimo. Mtoto mwenye kuwinda maneno atatafuta asipate, na mwenye kusoma atakujibu bila ya kutazama tena. Akikujibu kuwa labda jua lilikuwa kali, usimwambie amekosa, kwani na hilo laweza kuwa; mwulize ajuaje, na mtazame pamoja kama mbele kuna lolote la kuthibitisha.

Mama asiyejua kusoma herufi za Kizungu asijitoe katika kazi hii. Yeye ndiye hakimu bora, kwa kuwa hawezi kuchungulia kitabuni. Akisimuliwa habari isiyoeleweka atajua kuwa msimuliaji hakufahamu. Na kusomwe vitu vya kweli: karatasi ya skuli, bili ya maji, maandishi ya chupa ya dawa, gazeti la jana lililofungiwa sukari. Baada ya kila kimoja swali ni lile lile: wasemaje?

Mtoto akishindwa kusimulia, usimpige wala usimwite mjinga mbele ya ndugu zake. Mrudishe nyuma kwa kitabu chepesi zaidi, hata kiwe cha darasa mbili chini yake, na umwachie sentensi mbili tu usiku ule.